Humu

Kila Jumamosi baada ya magharibi nilitolewa nje kwenda kuzungusha antena. Ilifungwa kwa waya kwenye ncha ya mti wa mkoko, na mti wenyewe uliegemea ukuta wa uani, nyumbani kwa mjomba wangu, Bagamoyo. Televisheni ilikuwa ndani, mimi nje, na kati yetu dirisha ambalo watu kumi na zaidi walilitumia kunipigia kelele kwa pamoja. "Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitiliza, rudisha!" Tulikuwa tukiisaka picha ya Unguja, iliyovuka bahari ikatufikia imechoka. Ikigoma kabisa, kioo kilijaa chenga, zikichemka kama mchele unaorushwa kwenye ungo, na sauti ya shhh isiyo na mwisho. Mjomba alizitazama chenga zile kwa dakika nzima, akitumaini, kisha akasema, "Basi, leo hakuna kitu," akazima.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mjomba alikosea, na kwamba sisi sote tuliojazana kwenye mkeka ule tulikosea pamoja naye. Kitu kilikuwapo. Chenga nyingi zilitokana na mambo ya karibu: nyaya za umeme, pikipiki iliyopita, radi ya mbali baharini, joto la televisheni yenyewe. Lakini sehemu ndogo, inayokadiriwa kuwa kama moja katika mia, ilikuwa nuru. Nuru kongwe kuliko zote, iliyoanza safari karibu miaka bilioni 13.8 iliyopita, kabla nyota ya kwanza haijawaka, kabla hapajawa na galaksi yoyote. Ilitua kwenye antena yetu ya vipande vya alumini, ikashuka kwa waya, ikapita dirishani, ikaingia sebuleni. Nasi tukaizima ili kuokoa umeme.

Waliotutangulia kuisikia nao waliidhani kasoro. Mwaka 1964, huko Holmdel katika jimbo la New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe, iliyojengwa na maabara za Bell kwa ajili ya mawasiliano ya satelaiti. Walitaka kuitumia kusikiliza mbingu, lakini kila walikoielekeza waliukuta mvumo uleule mdogo. Mchana ulikuwapo, usiku ulikuwapo. Wakaielekeza upande wa jiji la New York lenye kelele zake zote, haukuzidi. Misimu ikapita, haukupungua. Ndani ya pembe ile walikuwamo njiwa wawili na kiota chao, na Penzias, ambaye hakutaka kuyaita mavi ya njiwa kwa jina lake, aliyataja kuwa kitu cheupe kisichopitisha umeme. Wakayasugua. Njiwa wakapelekwa mbali, wakarudi, kwa kuwa njiwa hajui kupotea. Mvumo ukabaki palepale. Kilichowafumbua macho ni simu waliyompigia Robert Dicke, mwanafizikia wa Princeton, mwendo mfupi tu kutoka pale, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakijenga chombo cha kuutafuta mvumo huohuo, kwa sababu nadharia ilidai lazima uwepo. Habari ikachapishwa 1965. Mwaka 1978 Penzias na Wilson wakapewa Nobel.

Kila anayekisimulia kisa hiki hushikilia njiwa, na ni haki yake, njiwa wanachekesha. Mimi hushikilia ule usawa. Adhana ina upande inakotoka. Ngoma ya harusi ina upande, na mtoto aliyelala anaweza kukuonyesha kwa kidole ni mtaa gani. Mvumo wa Holmdel haukuwa na upande. Ulitoka kote kwa kiasi kilekile, kana kwamba msikilizaji amekaa ndani ya ngoma yenyewe.

Siku moja nilikuwa barazani, kahawa na kashata mbele yetu, nikayasimulia haya kwa majivuno ya mtu aliyesoma kitabu juzi. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Huo Mlipuko Mkuu ulitokea wapi?" Alitaka upande. Mvuvi hupewa upande: kusini mwa mwamba fulani, nje kidogo ya mlango wa bahari. Nikababaika. Nikasema mambo ya hisabati. Wakanihurumia, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nyavu.

Jibu nilikuja kulipata mahali nisipopategemea: kwenye somo la ngeli, lile lililotutoa jasho shule ya msingi. Kiswahili hakina mahali pamoja tu. Kina pa, ku na mu. Nyumbani pana watu, nyumbani kuna watu, nyumbani mna watu. Mgeni atadhani ni usemi mmoja uliorudiwa mara tatu. Mwenye lugha anajua kwamba wa kwanza amekuelekeza kwenye doa mahususi, wa pili amekupungia mkono kuelekea eneo lisilo na mipaka, na wa tatu yumo ndani, au ameshachungulia ndani. Lugha nyingi zina neno moja tu la kuuliza wapi, na neno hilo huja na mtego wake: linakufanya utarajie pale. Mzee wangu aliuliza akitarajia pale. Nami nilihangaika kutafuta pale ambapo hapakuwahi kuwapo.

Mlipuko Mkuu ulitokea humu.

Hapakuwa na ukumbi mtupu wenye giza, na katikati yake bomu. Nafasi yenyewe, hii tunayotembea ndani yake, ilikuwa imesongamana na kuchemka kupita kipimo, ikaanza kutanuka, kila sehemu yake kwa wakati mmoja. Kila mahali palikuwamo. Bagamoyo palikuwamo, Holmdel palikuwamo, na galaksi ya mwisho ambayo darubini inaweza kuiona ilikuwamo vilevile, yaani mata iliyokuja kuwa galaksi hiyo. Ndiyo maana mvumo ule hauna upande. Hautujii kutoka kwenye kitovu. Unatujia kutoka kote, kwa sababu kote kulikuwa mle.

Nilirudi barazani na jibu langu. Mzee akasikiliza hadi mwisho. "Hata hapa tulipokaa?" Hata hapa, mzee. "Humu?" Humu. Akanywa funda la kahawa. "Basi mbona hapakuungua?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini usiku kitandani niliona kwamba ndilo swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Jibu ni kwamba paliungua. Pamepoa tu. Kwa miaka kama 380,000 ya mwanzo ulimwengu ulikuwa ukungu mzito wa moto, elektroni zikiranda ovyo na kuizuia nuru isiende hatua mbili bila kugongwa. Joto liliposhuka hadi nyuzi 3,000 hivi, elektroni zikashikana na viini, atomu zikaumbika, ukungu ukapasuka, na nuru ikapata njia. Nyuzi 3,000 ni karibu na joto la waya unaowaka ndani ya balbu ya zamani. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo mbingu yote, pande zote, juu na chini, ilikuwa na rangi ya balbu ya sebuleni. Tangu hapo nafasi imetanuka kama mara 1,100, na nuru ile imenyooshwa pamoja nayo, mawimbi yake yakarefuka hadi yakawa mawimbi ya redio, na joto lake leo ni nyuzi 270 chini ya sifuri. Hayo ndiyo makaa tuliyoyaona kwenye televisheni ya mjomba.

Jina la Mlipuko Mkuu, kwa kweli, silipendi. Lilitolewa na Fred Hoyle, mnajimu Mwingereza, kwenye kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949, na yeye hakuiamini hata kidogo nadharia aliyokuwa akiibatiza. Sisi tukalipokea na kulitafsiri kama lilivyo. Lakini mkazi wa Dar es Salaam akisikia mlipuko hukumbuka mabomu ya Mbagala, 2009: vioo, moshi, watu wakikimbia kutoka pale kwenda kwingine. Humu hapakuwa na kwingine kwa kukimbilia. Ningekuwa na mamlaka juu ya kamusi ningetumia kitenzi cha jikoni, kuumuka. Vitabu vya Ulaya hutoa mfano wa mkate wa zabibu, na kwetu mfano huo unahamia bila taabu kwenye mkate wa kumimina, mchele uliosagwa ukichanganywa na tui, hamira na iliki. Tia zabibu chache. Unga ukiumuka, kila zabibu huwaona wenzake wote wakimwacha, na aliye mbali zaidi humwacha kwa kasi zaidi. Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyafikia hayo kwa hesabu mwaka 1927, na Edwin Hubble akayachapisha kwa vipimo mwaka 1929. Mfano mzuri, ila mkate una ukingo wa sufuria, na sufuria ina jiko. Ulimwengu haujaonyesha ukingo, wala hakuna jikoni unamoumukia.

Lemaître alikuwa padre. Jambo hilo huwafurahisha watu wa pande zote za mabishano ya barazani, na kila mmoja hulivuta upande wake. Mwenyewe hakupenda kuvutwa. Papa Pius wa 12 alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba nadharia ile imethibitisha uumbaji, Lemaître alihuzunika, akashauri sayansi isibebeshwe mzigo huo. Fizikia na sala, kwake, kila moja ilikuwa na saa yake. Nimewaona mashehe wawili na mchungaji mmoja wenye busara kama hiyo, na wengi wasio nayo.

Sasa nikuombe jambo moja. Ikifika Desemba, usiku usio na mwezi, saa tatu hivi, nenda ufukweni mahali ambapo taa za hoteli hazifiki. Geukia kusini. Chini kidogo, utaona vipande viwili vya wingu jeupe ambavyo havisogei na upepo. Kisha geukia kaskazini, ukiegemea magharibi, kama nusu ya njia kutoka kwenye upeo hadi utosini. Kuna doa la ukungu, dogo, la kuonekana vizuri kwa mtu anayelitazama kwa pembe ya jicho. Umeona galaksi tatu kwa macho matupu, na ya nne ndiyo hii uliyomo, Njia Nyeupe. Watu wa Ulaya hawayaoni mawingu yale ya kusini mpaka wasafiri, na wa Cape Town huliona lile doa la kaskazini kwa taabu, limebanana na upeo. Sisi tuliokaa karibu na mstari wa ikweta tumepewa yote kwa usiku mmoja, na wengi wetu tuko ndani tukitazama simu.

Mawingu yale mawili yanaitwa kwa jina la Magellan, Mreno ambaye msafara wake ulianza 1519. Kila mara nikiliandika jina hilo kalamu husita. Majira yote ya kaskazi, karne kwa karne, yalining'inia mbele ya macho ya manahodha waliokuwa wakishuka kuelekea Kilwa na Sofala, na hakuna aliyedhani yanamngoja mtu wa kuyagundua. Lile doa la kaskazini lina bahati zaidi: Abd al-Rahman al-Sufi, mnajimu wa Isfahan, aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 964 kwamba ni wingu dogo. Leo ni galaksi ya Andromeda.

Nuru huenda kasi, lakini njia ni ndefu. Anza karibu, na Kilimia, zile nyota ambazo wakulima wa pwani walizitazama kujua majira ya kulima. Nuru yake huchukua karibu miaka 440 kufika, maana yake unayoiona leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, 1593. Wingu Kubwa la kusini: miaka 160,000 hivi. Wakati huo kulikuwa na watu kama sisi huko Herto, Ethiopia, ambao mafuvu yao yamepatikana. Nyota kubwa ilikuwa imelipuka ndani ya wingu lile, ikaonekana duniani Februari 1987, ikimeremeta wazi kwa macho, na kila aliyeitazama alikuwa akitazama msiba wa zama za Herto. Na Andromeda: miaka milioni 2.5. Nuru ile iliondoka wakati nyayo za Laetoli, za wale watatu waliotembea juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, zilikuwa zimeshafunikwa kwa zaidi ya miaka milioni moja. Na yule wa Olduvai, ambaye Mary Leakey aliliona fuvu lake Julai 1959, alikuwa bado hajazaliwa kwa miaka laki saba na ushei. Ikiwa njiani, mababu zetu wakajifunza moto, wakajifunza kusema.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kadi za salamu za redio. Unajaza majina, unaituma kwa posta, na baada ya wiki, pengine miezi, mtangazaji anasoma: fulani wa fulani anawasalimu wafuatao, wakiwa wazima wa afya. Mara nyingine mmoja wa waliosalimiwa alikwisha kuzikwa. Mara nyingine aliyesalimu. Mbingu yote ni kipindi cha salamu. Hakuna nyota inayosomwa siku ileile ilipoandikwa.

Na aliyetufundisha kujua kadi imetoka mbali kiasi gani alikuwa mwanamke aliyelipwa senti 30 kwa saa. Henrietta Leavitt alifanya kazi kwenye kituo cha unajimu cha Harvard, katika kikundi cha wanawake walioitwa vikokotoo. Hakuajiriwa ili ashike darubini. Aliletewa vioo vya picha vilivyopigwa Arequipa, Peru, na kazi yake ilikuwa kupima ukali wa nyota, moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Katika picha za Wingu Dogo la kusini aliziona nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpigo maalumu, na mwaka 1912 akaonyesha, kwa nyota 25, kwamba yenye mpigo wa polepole ndiyo yenye nguvu zaidi. Watu wa ngoma wataelewa haraka. Msondo una sauti yake na chapuo ina yake. Ukisikia kwa mbali mlio wa msondo, unajua ni ngoma kubwa, na ukiusikia umefifia, unajua harusi iko mbali. Leavitt aliwapa wanajimu sikio la kuitambua ngoma. Hubble alichofanya, Oktoba 1923, kwenye darubini ya Mlima Wilson, California, ni kuusikia msondo ndani ya Andromeda. Akakokotoa: karibu miaka 900,000 ya nuru. Alikosea kwa kupunguza sana, lakini hata hicho kilitosha. Njia Nyeupe haifiki hata robo ya umbali huo. Doa lile halikuwa wingu la kwetu. Lilikuwa mji mwingine.

Miaka mitatu tu kabla yake, tarehe 26 Aprili 1920, wanajimu wawili, Harlow Shapley na Heber Curtis, walikuwa wamesimama mbele ya wenzao mjini Washington, mmoja akishikilia kwamba Njia Nyeupe ndiyo ulimwengu wote. (Mtanzania hawezi kuipita tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, bila kuisimamisha. Italia pia ilirusha satelaiti yake ya San Marco 2 tarehe hiyo, mwaka 1967, kutoka pwani ya Kenya. Haina maana yoyote. Nimeitaja kwa sababu inanifurahisha.)

Pwani ya Kenya, basi. Katika ghuba ya Ungwana, jirani na Malindi, walisimamisha jukwaa la vyuma baharini, la aina ya yale ya kuchimbia mafuta, juu yake wakaweka mtambo wa kurushia roketi. Lilikuwa wazo la Mtaliano Luigi Broglio. Mahali pale, nyuzi tatu kusini mwa ikweta, dunia inazunguka kwa kasi kubwa na kuisukuma roketi bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka pale ikiwa na satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzitazama mbingu kwa mionzi ya eksirei. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina la siku ile. Satelaiti ikaitwa Uhuru.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu sijawahi kukutana na mwanafunzi wa pwani aliyefundishwa habari hii darasani, ilhali fungua kitabu chochote cha historia ya unajimu, kwa lugha yoyote, utalikuta neno letu limekaa katikati ya ukurasa bila tafsiri. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Baadhi yake vilikuwa nyota zinazonyonywa na majirani wao waliokufa. Lakini lililonishika mimi ni kundi la galaksi. Galaksi hazikai peke yake. Hukusanyika kwa mamia na maelfu. Uhuru ilipoyatazama makundi hayo, lile la Virgo, la Perseus, la Coma, iliona mng'aro ambao haukutoka kwenye galaksi moja moja. Ulitoka katikati, kule kulikodhaniwa kutupu. Kumbe kumejaa gesi, nyepesi ajabu, yenye joto la nyuzi makumi ya milioni, na ukiipima gesi yote ya kundi, uzito wake unazidi wa nyota zote za galaksi zake. Tulikuwa tukihesabu nyumba na kuusahau upepo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Nobel mwaka 2002.

Na hata gesi si mwisho wa hesabu. Fritz Zwicky aliona mwaka 1933 kwamba galaksi za kundi la Coma zinakimbia mno, zingepaswa kuwa zimetawanyika zamani, isipokuwa kama kuna uzito usioonekana unaozishika. Vera Rubin na Kent Ford, mwaka uleule wa 1970, walichapisha vipimo vya mzunguko wa Andromeda: nyota za pembeni hazipungui kasi kama inavyotakiwa. Leo inasemwa kwamba kila tunachokijua kwa mata, nyota, gesi, samaki, mabati, ni kama asilimia 5 ya ulimwengu. Asilimia 27 ni mata ya giza. Zinazobaki zinaitwa nishati ya giza, jina ambalo ni sawa na kumwita mgeni "yule aliyekuja". Sina la kuongeza, na ninawaonea shaka wenye la kuongeza.

Kilichoeleweka vizuri zaidi ni jinsi galaksi zilivyopata kuwapo, na kinarudi kwenye chenga. Ule mvumo wa Holmdel haukuwa na usawa kamili. Mwaka 1992 satelaiti ya COBE ilionyesha kwamba una madoadoa, hapa joto zaidi kwa kiasi cha sehemu moja katika laki moja, pale baridi zaidi kwa kiasi hichohicho. Tofauti ndogo hivyo, ukiisambaza juu ya bahari yenye kina cha mita 100, ni wimbi lenye urefu wa milimita moja. Lakini palipokuwa na mata zaidi kidogo pakavuta zaidi, na palipovuta zaidi pakazidi kuwa na mata, kwa desturi ile ile ya mwenye nacho kuongezewa. Baada ya miaka milioni mia moja au zaidi ya giza nyota zikawaka, zikakusanyika galaksi ndogo, ndogo zikamezwa na kubwa. Njia Nyeupe yetu imekula majirani, na hadi sasa inaendelea kumtafuna mmoja upande wa kundinyota la Mshale. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwa uhakika kwamba yenyewe nayo itagongana na Andromeda. Hesabu mpya za mwaka 2025 zinasema, katika miaka bilioni 10 ijayo, ni nusu kwa nusu.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi 2021 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, imeziona galaksi ambazo nuru yake iliondoka ulimwengu ukiwa haujafikisha miaka milioni 300, na ziko angavu kuliko nadharia ilivyozitegemea. Siku ya kurushwa kwake, roketi ilipovuka Atlantiki na bara la Afrika, kituo cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vilivyopokea ishara zake. Miaka 51 baada ya Uhuru, pwani ileile.

Nilimweleza mjomba haya yote mwaka jana, Julai. Amezeeka, macho yameingia mtoto wa jicho, na televisheni haimpi tena raha. Hii ya siku hizi, ya kidijitali, ikikosa mawimbi haina chenga. Inaweka rangi ya buluu na maneno ya kukukatalia. Umeme ulikuwa umekatika. Tulikaa uani, mtungi wa maji kati yetu. Nikamwambia hidrojeni iliyo kwenye maji yale, viini vyake, ni vilevile vya dakika za mwanzo kabisa. Oksijeni ilipikwa baadaye na nyota, lakini hidrojeni haikupikwa na mtu, ina umri wa ulimwengu. Akachota kata moja, akanywa, akasema ina ladha ya mtungi.

Ana redio ya betri, ya masafa mafupi, aliyoisikilizia vita na chaguzi zote za maisha yake. Nikamwambia kuhusu Karl Jansky, fundi wa maabara zilezile za Bell, ambaye mwaka 1933 alitangaza kwamba katika masafa mafupi kuna mvumo usiotoka duniani. Kila siku ulimfikia kileleni dakika nne mapema kuliko jana, na mjomba, ambaye babu yake alihesabu majira kwa Kilimia, akanikatiza: "Kama nyota." Ndiyo, mjomba, kama nyota, ulitoka kwenye Njia Nyeupe. Nikanyoosha kidole juu, nikakumbuka haoni.

Akaiwasha redio. Akazungusha kifundo polepole, akapita muziki wa Kiarabu, akapita sauti ya mwanamke akisoma tarakimu, akapita filimbi, akaingia kule juu ambako usiku vituo hufa kimoja kimoja na kubaki shhh. Mkono wangu ukaenda kwenye kifundo kwa mazoea, ili kutafuta kituo.

"Acha," akasema. "Hapo hapo."